Hatua za Harmen

Nakujua kwa tarakimu, Harmen Zijlstra.
Kila asubuhi, hapa hospitalini Groningen,
nafungua kompyuta, nawe unaingia bila hodi:
hatua mia tatu na kumi na mbili,
moyo mapigo themanini na tisa, tena umekaa,
usingizi saa nne, uliokatikakatika.

Daktari wa upasuaji ametupa wiki nne.
Pafu la kushoto, kipande cha juu, kinatoka,
na kazi yangu ni kukufikisha mezani
ukiwa na pumzi ya kurudi nayo.
Nilikutumia saa ya mkononi ndani ya bahasha
na kidude cha plastiki chenye gololi tatu,
uzivute juu kwa pumzi, mara kumi, kutwa mara tano.
Ukaniandikia:
Miaka arobaini nimechomea vyuma vya meli.
Leo nicheze gololi?

Nchi yetu haina kilima.
Delfzijl imelala chali, bapa kama karatasi;
kilichoinuka ni tuta la kuzuia bahari,
na ngazi yake ina vipandio thelathini na nane.
Basi nikakuandikia: panda tuta.
Jumatatu mara moja. Alhamisi mara mbili.
Kifua kikiwaka, simama, tazama maji, panda tena.

Wiki ya pili, Jumatano:
hatua elfu kumi na nne.
Nikaruka kitini, nikaita wenzangu waje waone.
Ndipo nikatazama vizuri.
Mstari wa mapigo umejaa mapengo.
Saa saba mchana umelala fofofo dakika arobaini,
kisha mbio za ghafla
kama za mtu aliyemwona paka.

Nikakupigia simu ya video.
Ukakohoa kwanza. Ukageuza kamera,
nikamwona Bikkel, mbwa wako, ulimi nje,
saa imefungwa kwenye mkanda wake wa shingoni.

Nilicheka hadi miwani ikalowa. Nawe ukacheka,
kicheko kikawa kikohozi, kikohozi kikawa kimya,
na kutoka ndani ya kile kimya ukasema:
Sipendi kuona namba zangu zilivyo ndogo.

Sikuwa na fomu ya kujazia hilo.
Nikasema tu: mfuate mbwa.

Ukamfuata.
Mia tisa. Elfu moja na mia mbili.
Siku ya mvua mia mbili tu, na picha ya sahani:
Mayai mawili nimekula, la tatu kampe daktari.
Elfu mbili na themanini.
Gololi ya kwanza ikapanda, ya pili ikafuata,
ya tatu ikatikisika, ikakataa.

Lakini saa tisa za usiku, kila usiku,
hatua ishirini na sita,
kusimama,
hatua ishirini na sita.
Hizo sikukuandikia mimi.
Nilidhani ni choo. Froukje, binti yako, akaniambia:
hadi kabatini lilipo koti la mama, na kurudi.
Saa hiyo inahesabu kila kitu,
ila haijui saa yenyewe ina uzito gani.
Sikuzijumlisha. Sikuzifuta pia.

Siku ya upasuaji wakakuvua saa, wakaitia kwenye droo.
Kioo kikaniambia: mapigo, hakuna. Hatua, sifuri.
Najua ni droo. Najua.
Bado nilipiga moyo konde kwa niaba ya wako,
nikawa nachungulia kila baada ya dakika tano
kama aliyeinjika maziwa jikoni.

Kesho yake, saa nne na robo asubuhi,
mtu alikuvisha tena.
Hatua saba.

Nilizihesabu upya kwa vidole, nisiiamini mashine.
Saba, Harmen, na zote ni zako:
mbwa haruhusiwi wodini.